Barabara ya Umma, Ngoma ya Mtaa

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani amlipaye mpiga ngoma, ni nani afagiaye uwanja watu wakishatawanyika, wala mchezaji afanye nini iwapo hana kwao pa kuchezea. Maswali hayo matatu huonekana madogo yakisikiwa juu juu. Lakini ndiyo yaliyomo ndani ya tamasha moja la barabarani linalofanywa mwezi wa Agosti katika jiji la Chicago, nchini Marekani, na ndiyo yaliyotufanya leo tuliweke tamasha hilo mbele ya wasomaji wetu wa visiwani, raia na viongozi kwa pamoja.

Tamasha lenyewe huitwa Northalsted Market Days, yaani Siku za Soko za Halsted ya Kaskazini. Lilianza mwaka 1982, na tangu wakati huo limekuwa likirudi kila kiangazi, isipokuwa mwaka 2020 ambapo maradhi ya korona yalifunga milango ya dunia nzima. Linafanyika katika mtaa ambao kwa zaidi ya miaka arobaini umejulikana kuwa ni maskani ya wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake. Watu ambao katika lugha yetu ya magazeti huitwa mashoga, neno ambalo akina mama wa pwani bado hulitumia kwa maana yake ya kale ya rafiki mwandani.

Yafaa ieleweke mapema kwamba makala haya hayakusudii kuamua kesi ya imani wala ya mila. Kila msomaji anayo yake moyoni, na sheria za kila nchi zinajulikana. Linalotushughulisha hapa ni jambo la utawala na la utu: jinsi watu waliokuwa wakijificha walivyopata nafasi ya kusimama katika barabara ya umma mchana kweupe, jinsi serikali ya jiji ilivyoenenda nao, na jinsi nafasi hiyo inavyoweza kupotea kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na polisi.

NUSU MAILI YA LAMI

Halsted ni mojawapo ya barabara ndefu za Chicago. Inalipasua jiji kutoka kaskazini hadi kusini, na mtu akitaka kuijua historia ya wahamiaji wa jiji hilo anaweza kuisoma kwa kuifuata barabara hiyo tu. Kusini-magharibi mwa kitovu cha jiji ndiko Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walikofungua Hull House mwaka 1889, nyumba ya kuwahudumia wahamiaji maskini waliotoka Ulaya. Kazi ambayo, pamoja na juhudi zake za kupinga vita, ilimpatia Bibi Addams Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931. Karibu na hapo Wagiriki waliweka maduka na migahawa yao. Msafiri akigeuka na kuelekea kaskazini, baada ya maili kadhaa atafika kwenye njia panda ya Belmont. Kutoka hapo hadi njia panda ya Addison ni nusu maili, yaani kiasi cha mita 800. Uwanja wa tamasha ndio huo.

Upande wa mashariki, mwendo mfupi kwa miguu, liko Ziwa Michigan. Upande wa magharibi uko Wrigley Field, uwanja mkongwe wa besiboli uliofunguliwa mwaka 1914. Katika siku za kawaida kipande hicho cha barabara hupitwa na basi namba 8, malori ya mizigo na baiskeli. Siku za tamasha magari huondolewa, basi hubadilishiwa njia, na lami huachiwa miguu ya watu. Majukwaa ya muziki husimamishwa, na baina ya majukwaa hupangwa vibanda kwa mamia: wauza vyakula na vinywaji, wachoraji, washonaji, wauza mapambo, vyama vya hiari na wahudumu wa afya. Watu hufika kwa makumi ya maelfu, wengi wao kutoka majimbo ya jirani, wengine kutoka nchi za mbali.

Asiyeijua baridi ya Chicago hawezi kuielewa vyema furaha hiyo. Jiji hilo hukaa miezi mingi katika upepo na theluji, na wakazi wake hutembea wameinamisha vichwa, kila mtu akiharakisha kuufikia mlango wake. Kiangazi ni kifupi. Ndiyo maana kuanzia Mei hadi Septemba karibu kila mtaa hufunga barabara yake kwa siku moja au mbili na kufanya sherehe. Wagiriki wana yao, Wapuertoriko wana yao, Wameksiko wana yao, na mitaa mingi isiyo na kabila maalumu nayo ina zake.

Kwa hiyo tamasha la Halsted, kwa umbo lake, si kitu cha ajabu katika jiji lile. Ni ngoma ya mtaa kama ngoma nyingine. Na humo ndimo uzito wake ulimo. Watu hawa hawakuomba kitu ambacho jirani yao hana. Waliomba barabara kwa siku chache, kama walivyoomba wengine, wakapewa kwa masharti yale yale.

MAJINA GAZETINI

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwaka 1924 mhamiaji wa Kijerumani aitwaye Henry Gerber, mfanyakazi wa posta, aliandikisha mjini Chicago chama kilichoitwa Society for Human Rights. Chama hicho ndicho kinachotambuliwa kuwa cha kwanza nchini Marekani kuwatetea watu wa mapenzi ya jinsia moja. Hakikuishi hata mwaka mmoja. Katika mwaka 1925 polisi walimkamata Gerber na wenzake. Kesi dhidi yake hatimaye ilifutwa, lakini hadi hapo akiba yake ilikuwa imekwishateketea kwa gharama za mawakili, na kazi yake ya posta ilikuwa imepotea. Chama kikafa.

Mwaka 1961 bunge la jimbo la Illinois lilipitisha kanuni mpya ya jinai, iliyoanza kutumika mwaka 1962. Kwa kanuni hiyo Illinois likawa jimbo la kwanza katika Marekani kuacha kuyahesabu mapenzi ya faragha baina ya watu wazima wa jinsia moja kuwa kosa la jinai. Mtu angetarajia kwamba hofu ingekwisha siku ile. Haikwisha. Sheria ilikuwa imebadilika katika vitabu, ila haikuwa imebadilika katika vituo vya polisi. Uvamizi wa baa uliendelea kwa kutumia vifungu vingine. Mwaka 1964 uvamizi mmoja uliofanywa pembezoni mwa jiji ulikamata watu zaidi ya 100, walimu wakiwa miongoni mwao, na magazeti yakachapa majina na kazi za baadhi ya waliokamatwa.

Sisi tushikao kalamu hatuna budi kuisoma habari hiyo mara mbili. Hakimu alikuwa bado hajatamka neno, na pengine hata shitaka lisingesimama mahakamani. Lakini kwa mwalimu wa shule katika mwaka ule, jina lake kuonekana gazetini lilikuwa hukumu tosha. Jela ina siku ya kufunguliwa. Jina lililochapwa halifutiki, na anayelichapa hana haja ya kuonyesha ushahidi.

Ndiyo maana baa nyingi za watu hawa katika miaka ile zilikuwa na madirisha yaliyozibwa, na mlango usio na kibao. Aliye ndani hakutaka kuonekana, na aliye nje hakujua kilichomo. Ilikuwa 27 Juni 1970, mwaka mmoja baada ya ghasia za Stonewall mjini New York, ambapo kundi dogo lilipojitokeza na kuandamana katikati ya Chicago kwa mara ya kwanza. Maandamano hayo yakawa desturi ya kila mwezi wa Juni, na hadi leo hufanyika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maandamano na tamasha ni kitu kimoja. Maandamano hupita. Mwandamanaji hudai haki yake, na akishadai hurudi alikotoka. Tamasha hukaa mahali, huweka meza, hupanga bei, na humwambia mpita njia: karibu. Watu wa Halsted walihitaji yote mawili, lakini hilo la pili lilichelewa kwa miaka kumi na miwili, kwa sababu huwezi kumkaribisha mgeni kama huna nyumba.

MGENI NJOO

Nyumba ilipatikana kwa njia ya biashara. Katika miaka ya 1970 upande wa mashariki wa wilaya ya Lakeview ulikuwa na nyumba za kupanga kwa bei nafuu na maduka yaliyokuwa yakitafuta wapangaji. Watu wa mapenzi ya jinsia moja, waliokuwa wakisukumwa na kodi kubwa karibu na katikati ya jiji, walianza kuhamia huko. Mwaka 1975 ilifunguliwa katika Halsted baa iitwayo Little Jim's. Nyingine zikafuata, kisha maduka ya vitabu, ya nguo, na migahawa. Mwaka 1982 ikafunguliwa baa ya Sidetrack, ambayo ilikua mpaka ikawa miongoni mwa zile zinazojulikana zaidi mtaani.

Wenye maduka waliunda chama chao, na chama hicho ndicho kilichoanzisha Siku za Soko katika mwaka huo huo wa 1982. Shabaha yao ya kwanza haikuwa ya kisiasa. Walitaka wateja. Walikuwa na bidhaa rafuni na kodi ya kulipa mwisho wa mwezi, kama muuza duka yeyote wa Darajani au wa Kongowea. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hiyo ndiyo ilikuwa siasa yao yote.

Lakini biashara ina adabu yake, na adabu hiyo hufanya kazi ambayo hotuba haziwezi. Mama aliyekuja kununua chungu cha maua, na watoto wake wakala aisikrimu, hakuweza tena kuamini kwamba katika mtaa ule huishi mazimwi. Alikuwa amewaona wenyeji wakitoa chenji, wakifunga mizigo, wakilalamikia jua. Kwa upande wao, wenye maduka walijifunza kwamba kinga bora kuliko ukuta usio na dirisha ni umati wa majirani wanaokujua kwa sura.

Kinga hiyo ilihitajika mapema kuliko walivyodhani. Mwaka 1982 huo huo ndio ambao wataalamu wa afya wa Marekani waliupa jina ugonjwa mpya uliokuwa umeripotiwa mwaka mmoja kabla. Sisi huuita UKIMWI, na mwaka uliofuata, 1983, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Katika Halsted ugonjwa uliingia nyumba hadi nyumba. Kliniki ya Howard Brown, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya maradhi ya zinaa, ikajikuta katikati ya msiba. Mwaka 1985 hospitali ya Illinois Masonic, iliyo mwendo mfupi kusini mwa uwanja wa tamasha, ilifungua wodi maalumu ya wagonjwa hao, wakati ambapo mahali pengi wauguzi walikuwa wakiogopa hata kuwapelekea sahani ya chakula.

Hebu msomaji afikirie maana ya kuendesha tamasha katika miaka ile. Kila Agosti barabara ilifungwa, muziki ukapigwa, na kila Agosti waliohesabiana walijikuta wamepungua. Wangeweza kuliacha. Hawakuliacha, na hatudhani kwamba ilikuwa ni kwa kutojali. Mtaa uliopatwa na msiba unahitaji siku ya kuonana, kuulizana hali, na kujua nani amebaki. Sisi tunaozijua hitima na arobaini tunalielewa jambo hilo bila ya kuelezwa sana.

SERIKALI NA NGUZO ZAKE

Serikali ya jiji ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1973 ulipelekwa katika Baraza la Jiji mswada wa kuwakataza waajiri na wenye nyumba kuwabagua watu kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Ulikwama. Ulirudishwa, ukashindwa katika kura ya mwaka 1986, ukarudishwa tena, na hatimaye ukapita mwezi Desemba mwaka 1988. Ilichukua miaka 15. Katika muda huo tamasha lilikuwa limekwishafanyika mara saba. Maana yake ni kwamba mpangaji wa Halsted aliweza kucheza katikati ya barabara ya umma kwa kibali cha jiji siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu mwenye nyumba akamfukuza kwa sababu ya kumwona akicheza, na jiji lile lile lisiwe na sheria ya kumzuia. Viongozi wanaodhani kwamba kuwapa watu sherehe ni sawa na kuwapa haki wanapaswa kuuzingatia mfano huo.

Hatua nyingine ilikuja chini ya Meya Richard M. Daley. Jiji lilikuwa na mpango wa kuipamba mitaa yake mikubwa kwa alama za wenyeji. Wapuertoriko walijengewa bendera mbili kubwa za chuma juu ya barabara ya Division mwaka 1995. Wagiriki nao waliwekewa alama zao. Meya alipopendekeza kwamba Halsted ya kaskazini nayo ipambwe kwa nguzo zenye rangi za upinde wa mvua, manung'uniko yalikuwa mengi. Baadhi ya wakazi walihofia bei za nyumba zao. Wengine hawakutaka mtaa wao upigwe muhuri. Ramani ikapunguzwa na kurekebishwa, lakini haikufutwa. Mwaka 1998 nguzo zilisimama pande zote mbili za barabara, na tangu mwaka 2012 zimewekewa mabamba ya shaba nyeusi yanayosimulia maisha ya watu kama Alan Turing, mwanahisabati wa Kiingereza, Bayard Rustin, aliyepanga maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963, na Jane Addams aliyeishi chini katika barabara hiyo hiyo.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba fedha zilizotumika zilikuwa fedha za umma, na hoja iliyotumika ilikuwa hoja ya usawa baina ya mitaa. Kama Mgiriki anapewa nguzo, na Mpuertoriko anapewa bendera, basi na huyu mlipa kodi mwingine apewe. Meya hakuhitaji kulihubiria jiji. Alihitaji kipimo kimoja tu na kukitumia kwa wote.

NANI AMLIPAYE MPIGA NGOMA

Sasa tufike penye kiini cha mambo, ambapo maofisa wetu wa mabaraza ya miji wanaombwa wasogeze viti.

Tamasha la namna hii lina gharama nyingi asizoziona mchezaji. Kuna kibali cha kufunga barabara, bima, walinzi wa kukodi, vizuizi vya chuma, vyoo vya muda, umeme, majukwaa, mitambo ya sauti, malipo ya wanamuziki na waganga wa huduma ya kwanza. Lazima ibakizwe njia ambayo gari la zimamoto litapita bila ya kuzuiwa na kibanda chochote. Na usiku wa mwisho lazima lipatikane jeshi la wafagiaji, ili asubuhi ya Jumatatu basi namba 8 lipite kama kwamba hapakuwa na kitu.

Fedha za kazi hiyo hutoka wapi? Sehemu hutoka kwa makampuni yanayotangaza bidhaa zao. Sehemu hutoka katika ada za vibanda na mauzo ya vinywaji. Sehemu inayobaki, ambayo ni kubwa, hutoka mlangoni. Na mlangoni ndipo penye fundo.

Kanuni ya Chicago ni kwamba barabara ni ya umma, na tamasha linalofanywa katika barabara ya umma halina ruhusa ya kumlazimisha mtu alipe kiingilio. Katika kila lango husimama watu wenye vibao vinavyotaja kiasi kinachopendekezwa. Ni pendekezo, si amri. Anayetaka kutoa hutoa, na asiyetaka hupita. Mkazi wa mtaa anayerudi nyumbani na mkoba wa mboga hawezi kuulizwa tiketi mbele ya mlango wake mwenyewe.

Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilifanya kazi kwa sababu watu walitoa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwaka 2025 vyama vya wafanyabiashara vya mitaa mbalimbali ya Chicago vilitoka hadharani kwa pamoja na kutangaza kampeni ya kuyaokoa matamasha ya barabarani. Malalamiko yao yalikuwa mawili. Gharama za ulinzi, bima na muziki zimepanda sana tangu baada ya korona. Na watoaji langoni wamepungua, kwani wengi wamekwishajua kwamba hawalazimiki, na habari hiyo huenezwa kwa kujigamba kama kwamba ni werevu.

Hapo pana mgongano wa haki mbili, na wala si mgongano mwepesi. Ukilazimisha kiingilio, umeigeuza barabara ya umma kuwa ukumbi wa mtu, na yule kijana asiye na nauli, ambaye pengine ndiye anayeuhitaji mtaa ule kuliko wote, atabaki nje ya kizuizi akisikiliza muziki. Usipolazimisha, na watu wasipotoa, basi tamasha litafilisika, au litauzwa kwa kampuni ya vileo itakayolipa gharama zote na kuweka jina lake mbele ya jina la mtaa. Katika hali zote mbili wenyeji watakuwa wamepoteza ngoma yao, na hapatakuwa na askari hata mmoja wa kulaumiwa.

Chicago haijalifungua fundo hilo moja kwa moja, ila inacho chombo kimoja ambacho tunaona kinafaa kuchunguzwa. Sheria ya Illinois inaruhusu eneo la biashara kutengwa kuwa eneo la huduma maalumu. Wenye majengo ya eneo hilo hutozwa nyongeza ndogo ya kodi ya majengo, na fedha hiyo hairuhusiwi kutumika mahali pengine. Halsted ya kaskazini ni mojawapo ya maeneo hayo. Kwa njia hiyo usafi, mapambo na ulinzi wa mwaka mzima havitegemei huruma ya mpita njia wa siku mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la namna hii linaweza kukaguliwa na kila mlipaji.

NGOMA IKIVUMA SANA

Tusiufanye mtaa huo kuwa pepo. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, na Halsted imekwishaona nyufa zake.

Kwa miaka mingi mtaa ulitangazwa kwa jina la Boystown, yaani Mji wa Wavulana. Wanawake waliuliza wao wako wapi katika jina hilo. Vijana weusi, waliokuwa wakitoka mitaa ya mbali ya kusini na magharibi wakitafuta mahali pa usalama, waliona kwamba wakisimama vizingitini hutazamwa kama wahalifu, na mwaka 2011 mikutano ya wakazi kuhusu usalama iligeuka kuwa mabishano makali juu ya nani ana haki ya kuwapo katika barabara ile. Mwezi Juni mwaka 2020 maelfu ya watu waliandamana katika Halsted yenyewe wakidai kwamba watu weusi watendewe haki katika baa za mtaa. Baadaye mwaka huo huo chama cha wafanyabiashara kilitangaza kwamba hakitatumia tena jina la Boystown katika matangazo yake. Watu waliofungiwa milango walikuwa wamejifunza, kwa uchungu, kwamba mfungiwa naye akipata ufunguo anaweza kumfungia mwingine.

Kisha kuna kodi za pango. Mtaa uliopendezeshwa na maskini huhamiwa na matajiri. Wengi walisukumwa kaskazini zaidi, hasa Andersonville, ambako wanawake wapendao wanawake walikuwa wametangulia. Aidha, tangu sheria ya ndoa ya Illinois ianze kutumika mwezi Juni mwaka 2014, na ya nchi nzima mwaka 2015, vijana wengi hawaoni haja ya kuishi katika mtaa mmoja. Wanaishi popote, na wanajuana kwa simu za mkononi. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Amin Ghaziani, aliichunguza mitaa hiyo ya Chicago katika kitabu chake cha mwaka 2014 kinachouliza iwapo mitaa ya aina hiyo inatoweka. Little Jim's, iliyofungua njia mwaka 1975, ilifunga milango mwaka 2020, na mahali pake pakachukuliwa na Howard Brown kwa ajili ya kliniki. Wapo waliosikitika. Lakini ukizingatia historia tuliyoieleza, hatuoni kwamba ni mwisho mbaya kwa baa kurithiwa na zahanati.

Hali ikiwa hivyo, tamasha la Agosti limepata kazi nyingine. Kwa wengi waliotawanyika, siku hizo chache ndizo zinazoufanya mtaa uwe mtaa tena. Waliohama hurudi. Wazee walionusurika miaka ya 1980 huonana na vijana ambao hawakuijua hofu ile. Ndiyo maana suala la nani atalipa gharama si suala la mahesabu tu.

TUNACHOWEZA KUKICHUKUA

Kiongozi wa visiwani anaweza kusema kwamba habari hii iko mbali naye. Twamwomba aiangalie upya. Popote penye mji pana watu ambao wengi hawawapendi, na pana barabara ambayo ni ya wote. Siku watu hao watakapokuja mezani kwake kuomba kibali cha kitu ambacho wengine wamekwishapewa, awe ni mchuuzi, mgeni, mtu wa dini ndogo au kijana wa muziki usiompendeza, ofisa hataulizwa anawapenda au hawapendi. Ataulizwa kama kipimo alichowapimia wengine ndicho atakachowapimia na hao.

Pili, asidhani kwamba kutoa kibali ndiyo kumaliza kazi. Ngoma isiyo na fungu la fedha huishia mikononi mwa mwenye fedha. Ni wajibu wa baraza la mji kukaa na wenyeji mapema, kabla ya msimu, na kuandika nani atalinda, nani atalipa na nani atafagia, huku lango likibaki wazi kwa asiye na kitu.

Na kwa sisi raia tunaopita langoni bila ya kutoa, kwa sababu tu sheria haitulazimishi, neno letu ni fupi. Barabara ni ya bure. Ngoma si ya bure. Anayetaka kuikuta mwakani, na atie mkono mfukoni.